SOMO LETU: MAJI YA JIKONI YANAPOKATAA KUONDOKA



Mara hii somo letu halihusu michango wala uchaguzi wa wajumbe. Linahusu karo la jikoni, bomba lake, na takataka zinazobaki watu wakisha kula. Wako watakaocheka. Wacheke, kisha wasome. Mwaka 2022 mama mmoja mwenzetu, mpishi wa kantini katika kiwanda kimoja cha kahawa upande wa Muyinga, alikatwa faranga 15,000 katika mshahara wake kwa sababu karo liliziba. Aliambiwa ameliziba kwa uzembe, na fedha ya fundi aliyeitwa kulizibua lazima itoke kwake. Hakuwa na la kujibu, kwa kuwa hakujua bomba lile linapita wapi wala maji yanazuiliwa na nini. Sisi viongozi wa chama tulipoitwa, nasi hatukujua. Ilitubidi tujifunze kwanza, ndipo tukaweza kumtetea. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Tuanze na kinachoziba. Jikoni kwetu adui wa kwanza ni mafuta ya mawese. Kule Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mawese mengi yanakamuliwa, kuna joto na mafuta hukaa majimaji. Huku juu ni habari nyingine. Gitega na Muyinga ziko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita au wa saba kuna baridi. Kila mama anajua kwamba asubuhi hukuta mawese yameganda ndani ya chupa. Basi na ndani ya bomba ni hivyo hivyo. Sufuria ya isombe inaoshwa kwa maji ya moto, mafuta yanayeyuka na kushuka vizuri, tunadhani yamekwenda zake. Yakifika mita tatu au nne mbele, bomba ni la baridi, yanashika ukutani. Kesho yanakuja mengine juu yake. Bomba la upana wa sentimita tano linabaki na tundu la kidole.

Mafuta peke yake yangechukua muda mrefu. Lakini huja unga. Ukoko wa ugali na ute wa wali hunata juu ya mafuta kama gundi. Huja maganda ya maharage, majani ya chai, na nyuzi za ndizi. Tena huja majivu na mchanga, kwa kuwa wengi wetu tunasugulia sufuria kwa majivu na mchanga, na mchanga hauelei. Unalala chini ya bomba na kukamata kila kinachopita. Mambo haya yote yakikutana, hapo ndipo karo linajaa maji ya kahawia na kapita anaanza kutafuta wa kumlaumu.

Sasa, karo likiziba, usikimbilie chombo. Kwanza uliza: limeziba wapi? Fungua maji kidogo katika karo la pili, kama lipo, au mimina ndoo moja katika tundu la sakafuni. Kama karo moja tu limejaa na mahali pengine maji yanakwenda, basi kizuizi kiko karibu, chini ya karo hilo hilo. Kama makaro yote yanasita, au maji unayomimina huku yanatokea kule sakafuni, kizuizi kiko mbali, katika bomba kubwa la nje au katika shimo lenyewe. Swali hili moja lingeokoa siku nzima pale Muyinga. Fundi alifungua chini ya karo mara tatu, na mara tatu hakukuta kitu. Kizuizi kilikuwa nje, mita sita kutoka ukutani.

Kizuizi kikiwa karibu, kazi ni nyepesi. Ondoa maji mengi kwa kopo, acha kiasi cha kufunika tundu. Chukua ule mpira wa kuzibulia wenye mpini wa mti, uweke juu ya tundu, usukume na kuvuta kwa nguvu mara kumi au kumi na tano. Kama karo lina tundu dogo la juu la kuzuia maji yasifurike, au kama makaro mawili yanatumia bomba moja, ziba hilo tundu jingine kwa kitambaa kilicholowa. Usipoziba, hewa inatorokea huko na unajichosha bure. Watu wengi husema mpira haufai kitu, kumbe hawakuziba.

Ikishindikana, chini ya karo utaona bomba lililopinda kama shingo ya bata. Hiyo ndiyo sifoni. Weka ndoo chini yake, fungua zile nati kubwa za plastiki kwa mkono, siyo kwa spana, zisipasuke. Mwaga uchafu, osha, angalia mpira mwembamba wa ndani usipotee, rudisha. Tulikuta ndani ya sifoni moja kijiko, kifuniko cha chupa na nusu ya sabuni. Ukirudisha, mimina maji na utazame chini kwa muda kama kuna tone linalodondoka. Tone dogo leo ni ubao uliooza mwakani.

Kama kizuizi kiko mbele ya sifoni, tumia waya. Wanaouza vifaa vya ujenzi wana waya wa kuzungusha, lakini kantini nyingi hazina. Waya wa breki ya baiskeli unafaa, na baiskeli hapa hazikosi. Fumua ncha yake kidogo iwe kama brashi, ingiza taratibu ukizungusha upande mmoja tu, na ukigusa kizuizi, vuta nyuma badala ya kusukuma kwa nguvu. Ukisukuma, unakifanya kizibo kiwe kigumu zaidi.

Maji ya moto yanasaidia, lakini yana hila. Yanayeyusha mafuta ya hapa na kuyapeleka yakagande pale. Pia, bomba la plastiki halipendi maji yanayochemka. Linalainika na kulegea kwenye maungio. Tumia maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, pamoja na sabuni, na umimine mengi kwa mara moja.

Sasa neno kuhusu soda kaustiki, ile ya watengeneza sabuni. Wako wasimamizi wanaompa mpishi kopo la soda na kumwambia amimine. Sisi tunasema asimimine. Soda hiyo inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kulipofusha. Ikikutana na mafuta mengi ndani ya bomba baridi inaweza kutengeneza sabuni ngumu, na hapo umeongeza kizibo juu ya kizibo. Ikiwa lazima itumike, atakayeimimina apewe glavu za mpira na miwani, na aitie soda ndani ya maji baridi kidogo kidogo, kamwe asimwage maji juu ya soda, kwa maana inachemka ghafla na kuruka usoni. Asichanganye dawa zozote mbili. Javeli ikichanganywa na dawa ya asidi inatoa gesi inayoharibu mapafu, na jiko dogo lisilo na dirisha halina pa kukimbilia. Mfanyakazi aliyenyimwa glavu ana haki ya kukataa kazi hii, na chama kitasimama naye.

Kuhusu harufu. Wengine wanaona karo linanuka wakamwaga dawa ya manukato. Sifoni kazi yake ni kubakiza maji kidogo katika ile shingo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa chafu ya shimo isipande. Kantini ikifungwa majuma matatu wakati wa kiangazi, maji yale yanakauka, mlango umefunguka. Mimina lita mbili za maji, harufu itakwisha. Kama harufu inarudi baada ya siku moja, na unasikia karo linakoroma kila maji yanaposhuka, basi bomba halina njia ya kupumulia na linanyonya maji ya sifoni. Hilo si kosa la mpishi. Ni kosa la aliyejenga, na dawa yake ni bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa.

Tunarudi Muyinga. Siku ya pili ya ziara yetu tulifukua bomba la nje pamoja na waashi wawili, wanachama wetu. Tulichukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao waashi hutumia kupimia usawa, tukapima kutoka ukutani hadi shimoni. Bomba la maji machafu hutakiwa kushuka kama sentimita mbili kwa kila mita. Mita nne za kwanza zilishuka. Mita mbili zilizofuata zilipanda. Aliyelaza bomba alikutana na jiwe, akapita juu yake, akafukia. Pale kwenye mgongo wa jiwe, mbele yake, maji yalikuwa yanasimama siku zote, na mafuta yakaganda kama sabuni ya kipande. Hata malaika angepika pale, karo lingeziba.

Tulichora mchoro katika karatasi ya daftari: ukuta, jiwe, shimo, na vipimo. Tukaingia ofisini na mchoro ule. Hatukupiga kelele. Tulimwuliza mwajiri mambo mawili. La kwanza, je, mpishi ndiye aliyelaza bomba? La pili, alikata faranga 15,000 kwa kifungu gani? Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8 unasema mshahara haukatwi ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa wasuluhishi. Tulikuwa na Sheria ya Kazi ya Burundi, iliyorekebishwa tarehe 24 Novemba 2020, tukaiweka mezani na kumwomba atuonyeshe mahali palipoandikwa kwamba mpishi hulipia jiwe lililo chini ya ardhi. Alifungua kurasa, akafunga. Alisema atafikiri. Alifikiri majuma matano, na fedha ikarudi katika malipo ya mwezi wa kumi. Mama yule alitaka pia aombwe radhi. Hilo hakulipata mpaka leo, na tumeliweka katika kumbukumbu.

Tulipokuwa pale tuliomba na kitu kingine, nacho ni sanduku la mafuta. Kila kantini inayolisha watu wengi ingefaa iwe nalo. Ni kisima kidogo cha matofali na saruji kilichojengwa nje, kati ya jiko na bomba kubwa. Kile cha Muyinga kina urefu wa mita moja, upana nusu mita, na kina cha sentimita sitini. Maji yanaingia upande mmoja, yanatulia na kupoa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda juu. Mchanga na mabaki ya chakula ni mazito, yanalala chini. Katikati hubaki maji yaliyo safi kidogo, na bomba la kutokea limepindwa kuelekea chini ili livute maji hayo ya katikati, siyo mafuta ya juu. Ujanja wote ni huo. Lakini sanduku lisiposafishwa linakuwa ugonjwa mwingine. Pima kwa kijiti: mafuta ya juu na matope ya chini yakijumlishwa yasizidi robo ya kina cha maji. Mahali penye mawese mengi hii ni kazi ya kila juma. Nayo iandikwe kuwa kazi, yenye saa zake na glavu zake, isiwe nyongeza ya kimyakimya kwa mpishi akisha maliza zamu.

Na hapa tuseme kwa sauti. Sanduku hili fupi mtu hulisafisha akiwa amesimama nje. Shimo kubwa la maji machafu au la choo, hapana. Mtu yeyote asishuke humo, hata kwa dakika moja, hata kumtoa mwenzake aliyeanguka. Humo kuna gesi inayoua, na mbaya zaidi, baada ya muda mfupi pua haiisikii tena. Anashuka wa kwanza, anaanguka; anashuka wa pili kumwokoa, naye anaanguka. Shimo kubwa linyonywe kwa gari lenye pampu. Msimamizi akikwambia ushuke kwa kamba, mwite mjumbe wa chama.

Wenzetu wanaofanya kazi majumbani Gitega wametuuliza juu ya mashine. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, wageni wameongezeka, na ndugu mmoja alikuta chini ya karo la nyumba anayofanyia kazi chombo cha umeme kinachosaga mabaki ya chakula na kuyapeleka na maji. Hakuelezwa chochote, ila aliambiwa tu akitunze. Kifaa hiki si kipya duniani. Mmarekani John W. Hammes, mchoraji wa majengo wa mji wa Racine, alikitengeneza mwaka 1927. Ndani hakina visu kama wengi wanavyodhani. Kina sahani inayozunguka kwa kasi na vinyundo vidogo vinavyosukuma mabaki kwenye ukingo wenye meno.

Kikivuma bila kuzunguka, kimekwama, labda kwa mfupa au kijiko. Zima, kisha chomoa waya kabisa ukutani. Tazama chini yake, katikati. Vingi vina tundu la pembe sita. Ingiza ufunguo wake, sukuma huku na huku mpaka kilegee. Kilichokwama kitoe kwa koleo. Kisipotoa sauti yoyote, chini pia kuna kitufe, mara nyingi chekundu; subiri kipoe dakika chache, kibonyeze. Maji baridi yafunguliwe kabla ya kusaga na yaendelee kidogo baada ya kumaliza. Mafuta, mifupa mikubwa, migunzi ya mahindi na maganda ya ndizi yasiingie.

Mkono usiingie humo kamwe. Tunalisisitiza kwa sababu ya hali ya umeme wetu. Umeme wa REGIDESO unakatika mashine ikiwa imewashwa. Mfanyakazi anaona kimya, anadhani imeharibika, anaingiza mkono kutoa uchafu. Umeme unarudi bila kubisha hodi. Ndiyo maana tumesema kuchomoa waya, siyo kuzima tu.

Tukiulizwa, chombo hiki hakitufai sana. Kinataka maji mengi yanayotiririka, na kuna siku robine haitoi kitu. Nyumba yenye shimo lake la maji machafu italijaza upesi zaidi. Tena kinasaga na kutupa kitu ambacho mkulima wa Burundi anakijua thamani yake, yaani ifumbire.

Basi mabaki yaende shimoni kwenye mbolea, na mengi ya shida za karo yatakwisha hapo hapo. Kabla ya kuosha, futa sufuria kwa jani la mgomba au karatasi, futio liende na mabaki. Weka kichujio cha waya juu ya tundu la karo. Kopo lililotobolewa kwa msumari linatosha. Chimba mashimo mawili yasiyo marefu, mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 hivi, upande wa chini wa mteremko. Shimo moja linapojazwa, la pili linaiva. Tandaza mabaki ya jikoni, funika kwa majani makavu ya migomba au maganda ya kahawa, kisha udongo kidogo. Udongo huo ni wa lazima kila siku, kwa maana nzi akitaga leo, wakati wa joto wadogo zake wanaruka baada ya kama siku kumi. Shimo likinuka uozo, lina maji mengi: geuza, ongeza vikavu. Likikaa miezi bila kupata joto, ni kavu mno au lina majani matupu: nyunyiza maji, ongeza mabaki mabichi. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Mifupa na nyama huita mbwa na panya, usitie. Mafuta ya sanduku yafukiwe peke yake, yakichanganywa na majivu na udongo. Mifuko ya plastiki, ambayo serikali iliipiga marufuku kwa amri ya Agosti 2018, bado inaonekana, itenge.

Shimo lililoanzishwa mwezi wa sita na kugeuzwa kila baada ya majuma matatu linaweza kuwa tayari mwezi wa tisa, wakati wa kupanda. Hapo linazuka swali tulilolikuta Muyinga: mbolea ni ya nani? Msimamizi aliipakia katika gari lake mara ya kwanza. Wapishi walioifunika kwa udongo kila jioni walibaki wakitazama. Sasa tumekubaliana kwa maandishi kwamba nusu inabaki kwenye bustani ya mboga za kantini, na nusu inagawanywa kwa wafanyakazi wa jikoni, kila mmoja magunia yake, na wanaipeleka nyumbani kwa baiskeli.

Wajumbe wa Gitega na wa Muyinga, kabla ya mkutano ujao kila mmoja achore bomba la kantini yake kutoka karo hadi shimo, aandike urefu, upana, na mahali linapopanda kama lipo. Aandike pia ni nani analipwa kulisafisha. Michoro iletwe kwa katibu, hata ikiwa ya kalamu ya risasi.